Kipa wa Pili wa Dilala

Wiki iliyopita nilikuwa Manika, nimekaa juu ya gunia langu la unga nikingoja pikipiki, nikawasikia vijana wawili wauza simu wakibishana. Timu yao ilikuwa imesajili kipa wa pili kabla hata ya kutafuta mshambuliaji. “Munalipa mutu wa kukaa tu ku banc!” mmoja alifoka, kana kwamba benchi la akiba ni mahali pa wavivu. Nilitaka kumjibu. Ningeanzia wapi? Acha nikusimulie wewe.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tuliishi Dilala, katika zile nyumba za matofali za wafanyakazi wa zamani wa mgodi. Mchana, tukiwa tumeketi kwenye bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, king’ora cha baruti ya mgodini kilikuwa kinalia mbali, halafu tunangoja. Kisha ardhi inatikisika, vifuniko vya sufuria vinagongana, vumbi linashuka kutoka darini hadi kwenye mboga. Bibi alikuwa akifunika bakuli kwa kiganja bila kukatiza maneno yake. “Udongo inakoroma,” alisema. “Siku itaamuka, tutayua.”

Shuleni kwetu mwalimu wa michezo alianzisha timu ya wasichana. Kipa wetu alikuwa binti wa barabara ya nyuma, mrefu, mkimya, mwenye mikono ambayo mpira ukiifikia ulikuwa kama umefika nyumbani. Mwaka wa pili wa timu, mwalimu alipopanga kuongeza wachezaji, wote tulijua atamchagua kwanza msichana mmoja aliyekimbia kama moto wa nyasi. Akanichagua mimi, niwe kipa wa pili. Yule mkimbiaji alichukuliwa na shule nyingine wiki hiyohiyo, na wazazi wakaja kulalamika uwanjani.

“Kipa moja ni sawa na kukosa kipa,” mwalimu aliwajibu. “Kesho ya mutu, nani anaiyua?” Lakini macho yake hayakuwa kwa wazazi. Yalikuwa kwa kipa wetu, aliyekuwa amekaa chini akisugua viganja vyake.

Mama yangu hakupenda. “Sasa kazi yako ni kungojea mwenzako apate mubaya?” aliniuliza akipepeta unga. “Hiyo haiko kazi ya mutoto wa mutu.”

Hata hivyo niliingia, na mwenzangu akanifundisha kila kitu. “Usianguke na makono,” aliniambia. “Anguka na mubavu.” Tuliangushana kwenye vumbi jekundu hadi jua linazama. Siku nyingine alichelewa, nywele zimejaa udongo wa manjano, kope zinamwangukia. Kucha zake zilikuwa na kijani kisichotoka kwa sabuni. Nilipopita kwao kumwita, sikuruhusiwa kuingia. Niliona pazia zito mlangoni mwa chumba cha nyuma, na mifuko ya udongo imepangwa ukutani, mingi kuliko nyumba ya watu watano inavyoweza kufagia. Kutoka nyuma ya pazia ilikuja sauti ya chuma kikigonga, ndogo, ya chini sana, kama mtu anayebisha hodi kutoka chini ya sakafu. Mama yake alisimama mbele yangu hadi nikaondoka.

Mtaa mzima ulijua kwamba walichimba madini chini ya nyumba. Nyumba yao haikuwa peke yake. Hakuna aliyesema.

Ikaja siku ya mechi na wasichana wa Manika. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na asubuhi ile mwenzangu hakutokea. Mwalimu alikwenda hadi barabarani, akarudi, akanipa jezi ya kipa. “Leo unaanza weye.” Nitakuambia ukweli ambao sijamwambia mama hadi leo: nilifurahi. Niliivaa jezi ile huku meno yote nje. Nilidaka mipira minne, mmoja nikiruka kabisa, na tukashinda bao moja kwa bila.

Tulikuwa bado tunaimba njiani jirani mmoja alipotusimamisha. Asubuhi ile shimo la chumba cha nyuma kwao kipa wetu lilikuwa limebomoka, baba yake akiwa chini. Binti ndiye aliyekuwa ameshika kamba aliyofungiwa baba. Peke yake, mguu kwenye ukuta, mpaka wanaume walipovunja mlango. Baba alitolewa hai, nyonga imevunjika. Kamba ilikuwa imekula viganja vya binti hadi ndani, lakini hakuiachia.

Kesho yake nilikwenda kumwona. Alikuwa amekaa uani juu ya kiti, mikono yote miwili imefungwa vitambaa.

“Mulishinda?”

“Tulishinda.”

“Nionyeshe vile uliruka.”

Sikutaka, lakini alinitazama tu. Basi niliruka, nikaanguka na ubavu kwenye ua ule mdogo, na mama yake akapiga ukelele kutoka mlangoni: “Toka pale! Udongo ya pale haina nguvu!” Sote watatu tukaangalia nilipoangukia.

Hakudaka tena, vidole havikukunjuka vizuri. Kabla mwaka haujaisha, familia ilihamia Kisenge kwa ndugu zao, na sijamwona tangu hapo. Leo barabara ya nyuma haipo. Kuna uzio wa mgodi, na nyuma ya uzio kuna maji ya rangi isiyo ya maji. Uwanja wetu umechimbwa hadi kwenye lango la kusini.

Watu wakiniuliza, nasema mwalimu alikuwa sahihi. Timu isiyo na kipa wa pili inacheza kamari. Lakini ninapofua nguo na mikono imekaa kimya majini, nafikiria kwamba mwalimu aliona viganja vya kipa wetu mwaka mzima, kama nilivyoviona mimi, kama walivyoviona wote. Tulijiandaa vizuri sana kwa siku ambayo hatakuwepo. Kwenda kwao kumwambia baba yake afukie lile shimo, hakuna aliyekwenda.