Gemu za Kaseti na Jibu la Mama

Mama aliponipa boksi la kaseti, alinipa na kazi humohumo. Mafundi waliokuja kubadilisha mabati ya nyumba yake ya Samuye walishusha kila kitu kilichokuwa darini, na katikati ya majembe yasiyo na mipini na magunia matupu likatokea boksi la gemu zetu za zamani. Mama hajawahi kucheza gemu. Hata hivyo alilishikilia boksi lile siku nzima, asitake mtu aliguse, na nilipofika akasema, "Ile kaseti iliyorudi imo humu. Wewe ndiye mtu wa kompyuta. Itafute."

Sikuhitaji kuuliza ni kaseti gani. Alikuwa anaitaka sauti ya kaka yangu, ambaye hatujamsikia tangu mimi nikiwa mtoto.

Baba alikuwa makenika kwenye mgodi wa almasi. Mzungu mmoja wa idara ya umeme, wakati anarudi kwao, alimwachia kompyuta ndogo yenye ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani. Unaichomeka kwenye televisheni, unaiunganisha na redio kaseti, na gemu inapanda kutoka kwenye kaseti kwa njia ya kelele: kwanza mlio mrefu mwembamba, kisha mkwaruzo kama bisi zinazorukia mfuniko. Ukivumilia, gemu inatokea. Ukigusa waya, unaanza upya. Kaka, aliyenizidi kwa miaka mingi, aliifanya mali yake. Mimi niliruhusiwa kutazama.

Alipokwenda Geita kuchimba dhahabu, barua zetu zikawa za kaseti. Mama hasomi, na kaka alikuwa mvivu wa kuandika tangu shuleni, kwa hiyo alikuwa anazungumza kwenye redio ya mwenye duara, yaani yule aliyemiliki shimo walilochimba, kisha anamkabidhi kondakta wa basi kaseti. Sisi tunasikiliza, tunasikiliza tena jirani akija, halafu tunarekodi jibu juu ya maneno yake na kuirudisha kaseti ileile. Naye akishasikia, anarekodi juu ya yetu. Watu wengi walifanya hivyo na hakuna aliyeona hasara. Maneno yakishasikika yamemaliza kazi. Kwa utaratibu huo mzuri wa kubana matumizi, tulifuta kwa mikono yetu kila neno alilotutumia.

Mwanzoni tulitumia kaseti ya kwaya. Redio ilipoitafuna, kaka, ambaye alikuwa amekuja nyumbani Krismasi, alituruhusu tutumie zake za gemu kwa sharti moja. Kila kaseti ilikuwa na gemu kadhaa zilizofuatana, na ya mwanzo ndiyo aliyoipenda. Hiyo isiguswe. Subirini kelele ziishe, alisema, ndipo muongee. Wakati huo kompyuta yenyewe ilikwishaungua, umeme ulipokatika ukarudi kwa kishindo, lakini yeye aliamini itatengenezwa. Tulitii. Barua ikifika, familia nzima inakaa kimya kuizunguka redio, inasikiliza gemu ikikwaruza kwa heshima zote, ikingoja "Shikamoo baba, shikamoo mama." Mgeni angetukuta angeondoka bila kuaga.

Kaseti ya mwisho tuliijibu kama kawaida, ikarudi. Kondakta alisema kambi imehama, watu wamekimbilia rashi mpya, mahali dhahabu ilikokuwa imetoka kuonekana, wengine wanasema upande wa Masumbwe, wengine kwingine, na hakuna anayejua kaka alifuata kundi gani. Baba aliitupia kwenye boksi pamoja na nyingine. Kisha alizunguka machimboni akiuliza, akarudi viatu vimeisha soli na jibu hana. Msiba hatukuweka, kwa kuwa hakuna aliyetupa sababu ya kuuweka. Sasa baba naye hayupo.

Nilimweleza mama ukweli kabla sijaondoka na boksi, nisimpe tumaini la bure. Kwenye kaseti ile, juu ya maneno ya kaka yapo maneno yake mwenyewe. Kinachoweza kuwa kimepona ni mkia tu: kama kaka aliongea kwa muda mrefu kuliko jibu, basi pale mama aliponyamaza, kaka anaendelea.

Mama alifikiri. "Kwani niliongea sana?"

Sikukumbuka. Lakini mama yangu namjua. Huyu ni mtu ambaye ukimwuliza maji yako wapi anaanza na kisima kilivyochimbwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilitamani angekuwa mtu wa maneno machache.

Nina steshenari Kalangalala, mjini Geita. Napiga fotokopi, natengeneza laptopu zilizomwagiwa chai. Nilitafuta redio kaseti inayozunguka bila kuyumba, nikapeleka sauti yake kwa waya kwenye laptopu, na humo nikaweka emuleta, programu inayojifanya kompyuta ya zamani. Inasubiri kelele zilezile, inachora mistari ileile ya rangi pembeni mwa kioo, na ikikosea inakosea vilevile. Hakuna aliyeilazimisha kuiga na kusubiri, lakini walioiandika waliona ni lazima. Niliwaelewa.

Ningeweza kusikiliza kaseti kwa masikio tu. Nilijaribu. Mkwaruzo ule baada ya muda unakulewesha, unajikuta unapeleka mbele, unaruka mahali. Emuleta hairuki. Inahesabu kila mlio, na ikikutana na kitu ambacho si gemu, inagoma na kusema. Halafu, nisijifanye mtakatifu, nilitaka kucheza pia. Nilikuwa nimetazama mgongo wa kaka utoto wangu wote.

Kwa hiyo nilikaa dukani nikipakia gemu huku nikiomba zisipande. Sidhani wenzangu wenye mapenzi na mitambo hii wanaomba hivyo. Na zilipanda! Baada ya miaka yote ile darini, na joto la mabati, gemu ya ndege ilipanda, ya mtu anayeruka ngazi ilipanda, ya kuchimba mapango nayo ilipanda bila kusitasita. Nilizicheza kidogo kila moja, vibaya, nikaanza kuzichukia. Mteja mmoja, mnunuzi wa dhahabu anayekuja kwangu kufanyiwa fotokopi za leseni, alisimama mlangoni akisikiliza.

"Fundi, hiyo redio imepagawa?"

"Inapakia gemu."

"Mtu mzima wewe," alisema, akakaa kuangalia mpaka ilipopanda. Kisha akaomba acheze.

Kaseti iliyogoma haikuwa na alama yoyote. Gemu ya kwanza ilipanda salama, kama kaka alivyoagiza. Nikangoja ya pili. Mistari ya pembeni ilisimama, maandishi ya hitilafu yakatokea, na kioo kikabaki cheupe. Nilichomoa waya ili spika ya redio ifanye kazi. Mwanamke mmoja, kijana kuliko mimi nilivyo sasa, alikuwa anasema kwa Kisukuma, polepole na kwa sauti ya juu, kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto: "Mwangaluka, ng'wanawane." Umeamkaje, mwanangu.

Nilizima. Kaseti ilikuwa bado na safari ndefu mbele, na ningeweza kuimaliza palepale nikajua. Niliona si haki kujua kabla yake. Niliogopa pia, hilo niliseme.

Kesho yake nilifunga duka, nikaenda Samuye na redio. Mama alikuwa ameanika mpunga uani. Aliitikia shikamoo yangu akiwa tayari anatazama begi, akanawa mikono, akaingia ndani na kukaa kwenye stuli mbele ya meza. Niliirudisha kaseti mpaka mwanzo wa maneno yake.

Jibu la mama lilikuwa refu. Alieleza ng'ombe aliyezaa na ndama alivyo na baka usoni. Akaeleza mvua, na kwamba pamba imeota vizuri upande wa barabarani ila upande wa bondeni imekaa maji. Akaeleza harusi ya jirani, na nyama ilivyopungua, na nani alisema nini kuhusu nyama hiyo. Mguu wa baba. Paa la jiko. Kisha akarudi tena kwa ng'ombe, maana alikuwa amesahau kumtaja yule aliyeuzwa. Nilikuwa naangalia utepe ukihamia upande wa pili wa kaseti. Mama alianza kujisogeza kwenye stuli. Alipojisikia anaingia kwenye habari za kuku, aliinua mkono.

"Nyamaza basi, wewe mwanamke!" aliiambia redio.

Yule wa kwenye kaseti hakusikia. Alimaliza kuku, akaagiza salamu kwa mwenye duara, akasema mdogo wako anakusalimu, akamtaka Mungu amlinde. Kisha ukasikika mlio wa kidude kikibonyezwa.

Na hapo kaka akasema, kwa Kiswahili, katikati ya sentensi: "...lakini si kitu, nafanya kazi hivyohivyo. Nitakuja mkianza kuvuna. Mwambieni mdogo wangu asichezee waya za kompyuta. Haya, betri zinaisha, nakata."

Kikafuata kipande cha gemu ya pili, kisicho na kichwa, kikikwaruza kwa nguvu. Nilizima haraka.

Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kwa jinsi nilivyotaka kucheka. Mama alinionyesha kwa kidole nirudie. Nikarudia. Akanionyesha tena. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio likikaribia kuigusa spika, na uso wake haukunionyesha kitu chochote.

"Ana mafua," alisema.

Nilimwambia huenda ni kaseti. Utepe ukichakaa, sauti inaingia puani, na redio yenyewe si nzima. Nilimpa maelezo mengi ya kifundi.

"Nimemzaa mimi," alisema. "Ana mafua, na kifua kimebana. Ndiyo hiyo 'si kitu' anayoisema. Alikuwa ameanza kutueleza kwamba anaumwa."

Niliacha kubisha. Alijikung'uta makapi ya mpunga kwenye kanga, taratibu, moja moja, akitazama redio iliyozimwa.

"Nimejisikiliza mwanzo mpaka mwisho," alisema. "Ng'ombe, harusi, kuku. Mtoto ameniambia anaumwa, na pole sikumpa."