Njiti Ndani ya Soketi

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa na chumba Kabiro, Kawangware, na kazi yangu ilikuwa kupigia watu nguo pasi. Soketi ilikuwa moja tu ukutani, mbali na meza, kwa hivyo nikanunua ekstenshen kwa fundi mmoja wa Kambi Muru, kule Kibera. Alizitengeneza kwa mkono: kipande cha mbao, soketi nne kuukuu zilizofungwa skrubu, na waya mweusi mzito. Haikuwa na sura. Zile za duka zilikuwa nyeupe na nyepesi kama sahani ya plastiki, na kusema kweli nilizitamani.

Siku moja nikipiga pasi shati la mtu, soketi ikayeyuka, chumba kikajaa moshi. Nikaibeba ile mbao mpaka Kambi Muru. Fundi alikuwa anaongea na mama mwenye saluni, aliyekuja kuagiza ekstenshen ya draya yake ya nywele. Sikusalimia.

"Fundi, hii takataka yako imetaka kunichomea nyumba."

Yule mama akaangalia soketi iliyoungua, akaangalia fundi. "Basi nitapitia siku nyingine," akasema, akaenda.

Fundi alichukua bisibisi, akafungua. Ndani, waya zake zote zilikuwa zimekazwa vile vile alivyozikaza. Akachokora tundu lililoungua, akatoa kipande cha njiti ya kiberiti, kimekuwa makaa.

"Mzee wa pasi, pasi yako iko na plagi?"

Haikuwa nayo. Plagi ilivunjika kitambo. Nilikuwa nachomeka waya zikiwa uchi na kuzikaza na njiti mbili, kama tulivyofanya karibu ploti nzima. Sikuwahi kufikiri kwamba waya ukilegea kidogo tu, cheche zinaanza.

"Kiberiti umeleta wewe," akasema polepole, "na mteja umenifukuzia mimi."

Nisimpendelee mtu: alikubali mwenyewe kwamba soketi ile aliitoa kwa nyumba iliyobomolewa, na shaba yake ilikuwa imechoka. Pengine mpya ingevumilia njiti zangu zaidi. Sijui. Lakini maneno niliyosema mbele ya yule mama hayakuwa ya haki.

Siku hiyo hiyo nikamfuata kwa saluni yake, Soweto ya hapo hapo Kibera, nikiwa na ile njiti mkononi. Nikamweleza mbele ya wateja wake wawili. Hakucheka. Aligeuka akaangalia ukuta wake, na mimi nikaangalia: waya za draya zilikuwa zimekazwa kwenye soketi na njiti, vichwa vyekundu bado vinaonekana.

"Mwambie anitengenezee," akasema. "Na plagi aweke."

Nikarudi kumpa fundi habari. Hakunishukuru, na sidhani nilistahili. Aliniuliza tu kama nimeshanunua plagi.

Sikuwa nimenunua.