Madaftari Matatu ya Shangazi

Kazi yangu ni kugeuza magonjwa kuwa nambari. Daktari akishamwona mgonjwa, faili linakuja mezani kwangu, nasoma alichoandika, naingiza nambari kwenye kompyuta. Akiandika kisukari cha aina ya pili kisicho na madhara, naweka E11.9. Akiandika tu kwamba sukari iko juu, naweka R73.9, yaani iko juu na hakuna aliyesema kwa nini. Sheria ni moja: unaweka kilichoandikwa, si unachoshuku. Nimewafokea wanafunzi wangapi kwa kosa hilo! Karani si daktari, nawaambia, kila mtu ashike kazi yake.

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, anauza ndizi sokoni Busia. Alfajiri anavuka mpaka kuchukua mzigo, na ikifika saa nne ameshagombana na nusu ya soko. Mwaka jana alikuja hospitalini kwetu akilalamika uchovu. Wakampima sukari, ikawa juu. Daktari akaandika arudi wiki inayofuata, kabla ya kula, apimwe tena, kwa sababu kipimo kimoja hakikutosha kumpa mtu ugonjwa wa maisha. Nikaweka R73.9, nikachukua faili lingine. Hakurudi. Nilipomuuliza, alinicheka.

"Si wewe mwenyewe uliandika kwa kompyuta sina ugonjwa? Wacha wasiwasi, mama."

Nilijua sikuandika hana. Lakini kazi ilikuwa imenifika shingoni, nikarudi kwa mafaili yangu.

Jumapili moja juzi juzi nilienda kwake Busibwabo. Alikuwa jikoni akisonga ugali, akaniambia nimtolee miwani kwa mkoba. Kabla ya miwani nikapata madaftari matatu ya shule, yale wagonjwa hununua ya kuandikiwa na daktari. La kwanza lilikuwa la kwetu, kwa jina lake la ubatizo. La pili la kituo cha afya cha upande wa Uganda, kwa jina la ukoo. La tatu la zahanati ya Malaba, na huko alikuwa ametumia jina la marehemu mume wake, mtu ambaye hakuwahi kusikizana naye hata siku moja. Yote ni majina yake halali. Kila daftari lilikuwa na ukurasa mmoja tu ulioandikwa: sukari iko juu, arudi apimwe tena. Kila mahali ilikuwa mara ya kwanza.

"Shangazi, hii ni nini?"

Hata hakushtuka. "Ni vitabu vyangu. Weka."

"Unajua ukiweka hizi pamoja ni kisukari?"

"Wee! Usitaje hiyo kitu kwa nyumba yangu." Aligonga mwiko kwa sufuria. "Dada yangu alikuwa anatembea vizuri mpaka siku walimwandikia. Wakamwandikia, mguu ukakatwa. Mimi hakuna mtu ameniandikia."

Nilimkumbuka huyo dada yake. Kidonda chake kilikuwa na miezi kabla ya hiyo karatasi. Nilitaka kufoka, nikashindwa, kwa sababu Shangazi alikuwa anaishi kwa sheria yangu mwenyewe: kisichoandikwa hakipo.

Wiki hiyo sikutulia. Nikifika kwenye R73.9 nasimama, naenda mpaka mlangoni, narudi, nakaa, nasimama tena. Mwenzangu akaniuliza kama nimekalia siafu. Ningeweza kufungua faili lake nikaandika kisukari mwenyewe, vidole vilikuwa hapo hapo. Lakini ningekuwa mwongo, tena mwongo asiye na dawa ya kumpa. Na kumpelekea daktari madaftari kisiri ni kutoa siri ya mgonjwa. Ilibaki kubembeleza, na kubembeleza sijui. Mimi najua kufoka.

Alhamisi nilienda sokoni, nikakaa juu ya mkungu wake mmoja, nikamwambia siondoki hapo.

"Aki wewe! Unaniharibia ndizi."

"Zikiharibika twende hospitali."

Wateja wakaanza kucheka. Nikamweleza pale pale kwamba kwenye nambari ya huo ugonjwa, baada ya nukta kuna tarakimu, na tisa ni ile ya mtu ambaye bado hajaumia. Akija sasa ni vidonge na kuangalia chakula, basi, miguu yake itabaki yake.

"Utaniwekea hiyo tisa?"

"Nitakuwekea," nikasema. Niliahidi kitu ambacho si changu, na nilijua.

Ijumaa alikuja kwa miguu kutoka mpakani, hajala, amevaa raba zake za sokoni, madaftari yote matatu kwapani. Aliniambia niingie naye. Daktari, dada mmoja mpole, aliyapanga mezani, akampima, akatikisa kichwa.

"Mama, hiki ni kisukari."

Shangazi aliniangalia mimi, si daktari.

"Vua viatu niangalie miguu."

Akavua cha kulia. Kokoto likaanguka sakafuni, kubwa kuliko punje ya mahindi, lenye pembe. Soksi ilikuwa na damu.

"Woi. Hii imeingia saa ngapi?" aliniuliza, na hakuwa anatania.

Daktari akamwambia afumbe macho, aseme kila akiguswa. Akachukua uzi mwembamba wa plastiki, akamgusa kidole gumba, kisha unyayo, kisha kisigino. Mara tano nilihesabu. Nilitamani kupiga kelele. Shangazi alikuwa ametulia, macho amefumba, anangoja.

"Haya, anza basi," akasema.

Faili lilifika mezani kwangu mchana huo. Daktari alikuwa ameandika kisukari, mishipa ya fahamu ya miguu imeathirika. Nikabonyeza E, moja, moja, nukta, halafu nne. Nilikuwa na hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Nilimkuta nje kwenye benchi na pakiti ya vidonge. Alikuwa amevua raba tena, anapitisha vidole ndani, polepole, mpaka mwisho.

"Umeniwekea tisa?"

"Hapana, Shangazi. Ni nne."

Akakung'uta kiatu, ingawa hakikuwa na kitu.

"Na mwaka jana? Mwaka jana ingekuwa tisa?"

"Sijui, Shangazi," nikasema. "Hakuna aliyeandika."