Kichwani pa Mgonjwa

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji nilifukuzwa kabla ya saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimeingia na viatu vya nje. Mtaalamu wa usingizi wa hospitali ile ya kisiwani, mzee mfupi ambaye sote tulimwita Mzee wa Usingizi, hakupandisha sauti. Alininyooshea kidole cha kunionyesha mlango, akaendelea kufuta mashine yake kwa kitambaa. Nikatoka, nikavaa viatu vya mpira vya ndani, nikarudi na kusimama ukutani mpaka saa nane mchana bila kuulizwa hata jina.

Kazi ilipokwisha ndipo aliponitazama. "Binti, umeona nini leo?"

"Nimeona mgonjwa akilazwa usingizi, mzee."

"Kulala hata mlevi analala, wala hahitaji mtaalamu. Kazi yetu ni kumwamsha. Kesho njoo uangalie hilo."

Mimi ni Nyangeta, Mjita wa ufukwe wa Mara, mtoto wa mvuvi na wa mama aliyeomba kwa sauti ya kuwaamsha majirani. Nilisomea uuguzi, halafu nikasomea usingizi, na kazi hiyo nimeifanya miaka thelathini na miwili pande zote za Mwanza. Ninyi vijana mnaoingia leo mmekuta kipimo cha kubana kidoleni kinachopiga mlio mgonjwa akipungukiwa na hewa. Sisi tulikuwa na macho na vidole. Daktari husimama kwenye tumbo, mtaalamu wa usingizi husimama kichwani. Ukishampa mgonjwa dawa ya kulegeza misuli, kifua chake kinasimama, hapumui tena mwenyewe. Unapitisha mrija kooni, unabana mfuko wa hewa kwa mkono, na kuanzia hapo wewe ndiye mapafu yake. Ukipiga chafya, yeye anakosa pumzi moja.

Ndiyo maana Mzee wa Usingizi alinifundisha ukaguzi kabla ya kitu kingine chochote. Kila asubuhi, na tena kabla ya kila mgonjwa, unashika kila kifaa kwa mkono wako: taa ya kutazamia koo, mirija, mashine ya kufyonza matapishi, na zaidi ya vyote mtungi wa oksijeni. Mtungi unaufungua kwa ufunguo wake wa chuma, unatazama mshale wa kipimo chake ukipanda. Nilimaliza miaka minne kisiwani bila kumpoteza mgonjwa hata mmoja mikononi mwangu. Nayasema haya kwa majivuno, na sitaomba radhi.

Nikahamishiwa hospitali moja ya mjini Mwanza. Pale bosi wangu alikuwa Matroni, mama mrefu wa Kihaya aliyekagua kucha zetu kila Jumatatu. Wagonjwa wetu wengi walitoka visiwani na vijijini, na walipoingizwa chumba kile chenye taa kubwa walitetemeka mpaka kitanda kikalia. Mimi nikaanza kuwashika mkono na kuomba nao. Mwanzoni ilikuwa sentensi moja. Baadaye zikawa tatu, halafu ikawa sala yenye mwanzo, katikati na mwisho, na chumba kizima kikafumba macho pamoja nami. Ikawa desturi yetu. Bila mtu kupanga, neno "Amina" likawa ndiyo ishara ya kuanza: nikilitamka tu, daktari ananyoosha mkono kupokea vifaa, nami nashika barakoa ya hewa. Habari zikaenea mpaka Buzuruga na Butimba kwamba kuna nesi anayeitwa Mama Maombi. Jina hilo lilinipendeza kuliko cheo chochote nilichopewa na serikali.

Siku moja Matroni alinisimamisha mlangoni. "Sista, wewe ni muuguzi au mchungaji?"

"Matroni, nimekuwa vyote viwili."

"Basi hakikisha muuguzi anafika kazini wa kwanza."

Nilicheka, nikaenda kuwasimulia wenzangu. Nilimwona hana imani.

Asubuhi moja tukaletewa mama kijana aitwaye Kabula, mke wa mkulima wa Buswelu, uchungu umemkwama tangu jana yake na moyo wa mtoto umeanza kupungua mapigo. Ilibidi apasuliwe upesi. Mtungi wetu wa oksijeni ulikuwa umekwisha, mhudumu alikuwa ameunganisha mpya. Nilianza ukaguzi wangu kama kawaida. Taa, sawa. Mirija, sawa. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye ufunguo wa mtungi Kabula aliponishika.

"Ni wewe Mama Maombi? Niombee. Naogopa kufa."

Nikaacha ufunguo. Nikamshika mikono yote miwili, nikafumba macho, nikaomba. Jamani, siku ile niliomba! Maneno yalikuja yenyewe, hata daktari akawa anaitikia. Niliposema "Amina" kila mtu akaanza kazi, na mimi nikaanza nao. Nikamvisha barakoa avute oksijeni ya kuweka akiba mwilini kabla ya usingizi. Alikuwa anavuta hewa tupu ya chumbani, maana mtungi ulikuwa umefungwa. Nikampa dawa. Kifua kikasimama. Mrija ukanisumbua kidogo kuingia, na ulipoingia midomo yake ilikuwa ya bluu.

"Sista, damu yake imekuwa nyeusi!" daktari alisema.

Nilibana mfuko, nikabana tena. Ndipo nilipoinua macho nikaona mshale wa mtungi umelala kwenye sifuri. Nikazungusha ufunguo. Muda uliopita mpaka midomo ile irudie rangi yake siwezi kuupima mpaka leo. Kisha mtoto akalia, wa kike, na Kabula akaamka mzima baada ya saa nzima.

Hakuna aliyeniona. Kwenye karatasi niliandika kwamba mgonjwa alibadilika rangi kisha akarudi katika hali nzuri. Daktari, ambaye hakuwa mtu wa kanisani, alinipiga begani akasema, "Sista, yule Mungu wako yupo." Wahudumu walikuwa wanapiga vigelegele. Nilitabasamu tu.

Jumapili ya tatu yake mume wa Kabula alikuja kanisani kwetu na jogoo wa shukrani. Mchungaji akaniita mbele nitoe ushuhuda wa sala iliyomrudisha mama kutoka kaburini. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Ningeweza kukataa. Nilisimama, nikasema, "Tuliomba, mama akabadilika rangi, tukamlilia Bwana, na Bwana akatenda." Sikutamka neno moja la uongo, na yote yalikuwa uongo. Watu saba waliokoka siku ile.

Jumatatu nilipiga magoti kando ya kitanda changu kama nilivyofundishwa na mama. Nikasema "Baba," na baada ya hapo hakuna kitu. Kesho yake vilevile. Kwenye chumba cha upasuaji sala zangu ziliendelea kuwa tamu kama kawaida, maana mdomo ulishazoea kufanya kazi peke yake. Nikiwa peke yangu nilikuwa mkavu. Nilifunga siku tatu, nikaambulia vidonda vya tumbo. Nikaenda kwenye mawe ya juu ya mtaa wetu, ambako watu wa Mwanza hupanda mchana kuomba, kila mmoja na jiwe lake. Nikamgombeza Mungu waziwazi. Nikamwambia nimekutumikia miaka yote, umeninyamazia kwa nini? Sikusikia sauti. Nilichokiona moyoni ni mkono wangu mwenyewe ukiacha ufunguo wa mtungi. Nikashuka nimekasirika, maana nilikuwa nimefuata faraja.

Nilishindana na picha ile miezi saba. Nilijitetea kwa kila namna: mama ni mzima, mtoto ni mzima, waliookoka wameokoka, nikisema sasa nitamsaidia nani? Hoja zangu zilikuwa nzuri sana. Kasoro yake ni kwamba kila nilipomaliza kuzitoa, bado sikuweza kuomba. Na mimi bila kuomba si mtu. Nililia kwa hasira, nikavaa sare, nikaenda kugonga mlango wa Mganga Mfawidhi, yaani daktari msimamizi wa hospitali nzima.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sista, unaelewa unachokisema? Jambo limepita. Hakuna aliyelalamika."

"Naelewa, daktari. Nilisali mahali pa kufungua mtungi."

Alivua miwani. Alinipa barua ya onyo na kuniondoa chumba cha upasuaji miezi mitatu, nikarudishwa wodini kutandika vitanda na wanafunzi. Barua hiyo ninayo katika faili moja na vyeti vyangu, na mgeni akitaka kuiona namwonyesha.

Kutoka pale nikaenda Buswelu. Nilimkuta Kabula uani anakata viazi vitamu vya kuanika michembe, mtoto yuko mgongoni. Aliniletea kigoda kwa furaha. Nikamweleza yote, hakuacha kukata.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyetaka kuniua," alisema.

"Ndiyo. Ilibaki kidogo."

"Na mimi kila siku nakutaja kwenye sala zangu. Nakushukuru."

"Nisamehe, Kabula."

"Nenda zako, mama. Huyu bado ananyonya. Sitaki nimnyonyeshe hasira."

Nikaenda zangu. Nilitamani msamaha wake kuliko kitu chochote, sikuupata, na hakuwa na deni la kunipa.

Mchungaji ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. "Dada Nyangeta, ukisimama kusema hayo, walioamini kwa ushuhuda ule watarudi nyuma."

"Basi warudi, Mchungaji, waanzie kwenye jambo la kweli."

"Na jina la kanisa?"

"Kanisa halikusahau mtungi. Niliusahau mimi."

Aliniruhusu kwa shingo upande. Nilisimama palepale, nikaufuta ushuhuda wangu mbele ya watu walewale. Hakuna aliyesema amina. Mzee mmoja wa kanisa alichukua kofia yake akatoka. Nilivuliwa uongozi wa kikundi cha maombi, na kati ya wale saba wawili hawakuonekana tena. Hilo linaniuma mpaka leo. Lakini Jumatano yake fundi wa injini za boti alinifuata sokoni, akaniambia naye ana jambo alilolificha, nimsindikize akaliseme. Nikamsindikiza.

Mnataka kujua sala ilirudi lini. Ilirudi wodini, mchana, nikimgeuza bibi mmoja asipate vidonda vya kulala. Nilijikuta nasema, "Baba, nimekosa," nikasikia kwamba kuna anayesikiliza. Nililia juu ya shuka safi mpaka ikabidi niitandue tena. Maneno mawili tu, baada ya miezi yote ile ya hotuba.

Niliporudishwa chumba cha upasuaji, nilikuja na utaratibu wangu. Ukaguzi unasomwa kwa sauti, kifaa kimoja kimoja, na mtu wa pili anajibu baada ya kukiona kwa macho yake. Anayetaka kuomba ataomba baada ya hapo, kwa ufupi, na mtaalamu wa usingizi hafumbi macho. Daktari mmoja mgeni alinung'unika kwamba tunapoteza dakika. Matroni, ambaye alikuwa amebakiza mwezi mmoja astaafu, alimjibu kabla yangu: "Daktari, hizo dakika ni za muuguzi kufika kazini." Nimefundisha vijana wengi utaratibu huo, wa Kikristo na wa Kiislamu, na wako hospitali za kanda nzima. Nikipita mahali nikasikia mtu anasoma, "Mtungi!" na mwingine anajibu, "Uko wazi!", kifua changu kinajaa. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Sasa nimestaafu, naishi na magoti yanayouma. Vijana wa kanisani wakinikuta wananisalimia shikamoo, kisha wanataka niwasimulie muujiza mkubwa niliowahi kuuona katika chumba cha upasuaji. Wanatarajia nizungumzie wafu waliofufuka. Nawasimulia huu.

Miaka mitano baada ya siku ile ya michembe, Kabula alirudi hospitalini na mimba nyingine. Kwa sababu ya kovu la kwanza, daktari alitaka ampasue tena. Nilipoona jina lake kwenye orodha nilikwenda kwa Mganga Mfawidhi, nikamwomba apange mwenzangu, maana mama yule alikuwa na haki ya kutoniona. Akakubali. Baada ya nusu saa akaniita. Kabula alikuwa amekataa kuingia.

"Anamtaka nani?" niliuliza.

"Anasema anamtaka yule aliyekosea. Anasema wengine hawajui mtungi uliofungwa unafananaje."

Niliingia. Alikuwa amelala chali chini ya ile taa, ananitazama. Hakutabasamu. Mkono wangu ukaenda wenyewe kuushika wake, kama zamani, naye akauondoa taratibu.

"Leo usiniombee, mama," alisema. "Wewe angalia mashine yako. Kuomba nitaomba mimi."

Basi nikaanza kusoma vifaa vyangu kwa sauti, kimoja kimoja, na mwenzangu akawa anajibu. Kabula akafumba macho, akaomba kwa Kisukuma, lugha ambayo mpaka leo naiokota vipande vipande tu. Aliomba muda mrefu. Aliomba kwa ajili ya mtoto, hilo nilielewa. Halafu, nikiwa nimeushika ufunguo na mshale unapanda, nilisikia jina langu.