Fomu Nilizozinakili Upya

Walionipa kazi walikuwa na ofisi mtaa wa Kinindo, ndani ya vila yenye maua. Nchi moja tajiri ilitaka kusaidia Mutakura, mtaa wangu, na mimi nilitakiwa kupita nyumba kwa nyumba na fomu, niulize watu wanataka nini kwanza. Siku ile nilitembea kama waziri. Kichwani nilishaona mabomba ya maji kila kona.

Nyumba ya nne ilikuwa ya mama mmoja aliyekimbia vita Kongo, muuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, sokoni. Alinipa kiti chake cha pekee, yeye akakalia bidoni, dumu lake la kuchotea maji. Nikamsomea: maji, dispensari, barabara.

"Andika maji, mutoto wangu. Binti yangu anachelewa masomo kila siku sababu ya foleni ya maji."

"Mstari wa kwanza, mama?"

"Mistari yote. We unafikiri mi nitapika na lami?"

Tulicheka, nikaandika.

Jioni msimamizi wetu, Mrundi kama mimi, alipitia fomu. Karibu zote zilisema maji. Akavua miwani.

"Wafadhili wanataka barabara, malori ya kampuni zao yafike bandari ya ziwani haraka. Wakikuta maji juu, msaada unakwenda nchi nyingine, tunakosa vyote. Tuwape barabara, maji yatafuata."

Akanisogezea fomu mpya. Akasema pia kwamba mkataba wangu wa mwaka uko tayari.

Ningependa kusema nilibisha. Apana. Nilinakili zote kwa mwandiko mzuri, barabara juu, maji chini, na nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Lami ilikuja, na ni nzuri kweli. Maji hayakufuata. Asubuhi moja nikakutana na yule mama pale barabarani, bidoni kichwani.

"Binti ameacha masomo," akasema. "Hawa wazungu, tunawaambia maji, wanaleta lami. Lakini we uliandika vizuri, mi nilikuona."

Nikamwambia ni mimi niliyebadilisha fomu. Aliteremsha bidoni polepole.

"Walikupa nini?"

"Mkataba wa mwaka, mama."

Akanisukumia bidoni. "Basi kesho utachota we, mutoto arudi kusoma."

Ninachota kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini, na binti amerudi shule. Lakini pale kwenye foleni wananisalimia kwa heshima, wananiuliza maji yatakuja lini, na karibu kila mmoja wao nilimwandikia barabara. Mpaka leo ni yule mama tu niliyemwambia ukweli.