Rangi Nyuma ya Karatasi

Siku ya tatu baada ya kumzika dada yangu, jirani mmoja aliyekuja kutupa pole aliniuliza, kwa nia njema kabisa, "Hivi marehemu alikuwa akifanya kazi gani hasa?"

Ningesema alikuwa akikata karatasi, angedhani natania msibani. Ningesema alikuwa fundi wa herufi, angeuliza tangu lini herufi zikahitaji fundi. Nikamjibu kwamba alikuwa na mkono mzuri. Jirani akaitikia "Amina", kana kwamba nimeomba dua. Tangu hapo sina raha. Nimeshika kalamu ili nilijibu swali lile inavyostahili, na Mwenyezi Mungu anisaidie nisiongeze chumvi.

Mtaani walimwita Bi Mkasi. Mimi nilimwita Dada, kwa kuwa alinizidi miaka sita na ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kututoka. Alikuwa na mwendo wa haraka, miwani iliyofungwa kamba shingoni, na mkasi mdogo aliouvisha kitambaa usije ukatoboa mkoba. Karatasi yoyote iliyopita mbele yake ilikuwa hatarini. Makaratasi ya sabuni, pakiti za majani ya chai, kalenda za mwaka uliopita, bahasha mbovu nilizomletea kutoka posta nilikokuwa karani, zote aliziona zina kitu ndani yake ambacho mimi sikukiona mpaka akitoe.

Jikoni kwetu, kopo la sukari lilikuwa na neno SUKARI la karatasi nyekundu, na juu ya kila herufi sisimizi weusi wakipanda kwa mstari. Kopo la chumvi lilikuwa na herufi zilizokunja uso. Mlango wa bafu ulibandikwa SUBIRI, na herufi zenyewe zimebana miguu kama mtu aliyezidiwa. Wageni walicheka kabla hawajaketi.

"Mtu akicheka asubuhi kwa sababu ya kopo la chumvi," Dada alikuwa akisema, "siku yake imeshakaa sawa, na mimi nimeshapata thawabu zangu."

Hakuwa akitania. Kabla ya kukata alisema Bismillahi kwa kila karatasi, hata ya pakiti ya chai.

Aliyekuwa haamini ni kaka yetu mkubwa. Kaka ana duka la vifaa vya ujenzi, na nyumba tuliyokaa ilikuwa yake. Chumba cha mbele chenye dirisha kubwa alimwachia Dada afanyie kazi zake, lakini kila alipopita mlangoni alikitazama kwa jicho la mtu anayepima. Alitaka ghala la saruji.

"Una miaka thelathini na nane," alimwambia asubuhi moja tukinywa chai. "Watoto wa darasa la kwanza wanakata karatasi, wakifika la tatu wanaacha. Wewe utaacha lini?"

"Nikifika la tatu, kaka."

Nilicheka hadi chai ikanipalia. Kaka hakucheka. "Mchekee tu na wewe. Siku nikifa nitawaachia nyumba iliyojaa vipande vya karatasi, mtakula herufi."

Wiki hiyohiyo akaja muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamsha wagonjwa. Alikuwa ameona kadi ambayo Dada alimtengenezea mzazi mmoja, ile ambayo ukiifungua jina la mtoto linasimama kama watu waliokatizwa usingizi. Akasema hospitali imejenga wodi mpya, na wodi ina ukuta mrefu mweupe ambao watoto watautazama kutwa kucha. Wakubwa walikuwa wameshachapisha bango la plastiki lenye jina la wodi, lakini amewabembeleza wampe nafasi.

"Wamenipa hadi siku ya ufunguzi, saa kumi alasiri," alisema. "Ikifika saa hiyo ukuta uko mtupu, au umewekwa kitu cha aibu, bango linapanda. Limeshakunjwa, liko ofisini, linatusubiri."

Kaka, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akaingia. "Haya, tuwekeane ahadi hapahapa mbele ya shahidi. Ukuta huo ukikubalika, mimi kuhusu chumba hiki sitatia neno tena maisha yangu yote. Ukikataliwa, unafunga mikasi, unakuja kukaa kaunta dukani kwangu, na chumba kinakuwa ghala."

Nilimkanyaga Dada mguu chini ya meza. Alikuwa ameshajibu.

"Nimekubali."

"Dada!" nikamwambia mgeni alipoondoka. "Umeuza chumba kwa neno moja!"

"Nimekinunua," alisema. "Wewe subiri."

Aliwaza maneno kwa siku nne, akachagua HAPA TUNAPONA NA KUCHEKA. Herufi ishirini na moja, kila moja ndefu kama mkono wa mtu mzima, na kila moja ikiwa kiumbe. Ile H ya kwanza ilikuwa ngazi na paka anaikwea. Ile O ilikuwa uso uliofumba jicho moja. Zile K zilikuwa majogoo wanaowika, na C ilikuwa mbwa aliyejikunja akalala na mkia puani. Alichora michoro yote kwenye karatasi laini kwa wiki mbili nzima, akicheka peke yake chumbani, nami nikimsikia nikitoka kazini nikajua jogoo amepatikana.

Karatasi ngumu za kukatia tuliziagiza mbali. Zilikuwa na rangi upande mmoja tu: nyekundu ya kung'aa, njano, buluu, kijani, zambarau. Upande wa pili ulikuwa mweupe. Zilifika siku moja kabla ya ufunguzi, idadi kamili, hakuna ya akiba. Hapa naomba msomaji aelewe jambo moja la ufundi, kwa kuwa ndilo lililotuponza. Penseli haipiti juu ya rangi, itaichafua. Unachora na kukata kwa upande mweupe, kwa nyuma. Na kwa sababu unakata kwa nyuma, mchoro lazima ulale kifudifudi, ili ukigeuza karatasi jogoo awe anatazama kule unakotaka. Ukiulaza chali, kila kitu kinatoka kinyume. Dada alilifanya hilo bila kufikiri, kama mtu anavyovaa kiatu cha kulia mguu wa kulia. Mimi nilikuwa nimemwona akilifanya mara mia.

Siku ya ufunguzi alikwenda hospitalini alfajiri kupima ukuta na kupiga mistari. Kukata aliniachia mimi, nami nikaomba ruhusa kazini. Mlangoni aliniambia, "Bismillahi kwanza, halafu mkasi." Nilisema Bismillahi. Nilikata vizuri, nasema kweli, kingo zangu zilikuwa safi kuliko siku nyingine zote. Na michoro yote ishirini na moja niliilaza chali.

Nilifika wodini saa saba na robo, sanduku kichwani, nikijisikia mshindi. Kaka alikuwapo, amemletea ngazi, na kwa kweli alikuwa amekuja kuona ghala lake. Muuguzi mkuu alisimama kando na wauguzi wake wawili. Watoto walikuwa wameshalazwa vitandani, kumi na wawili.

Dada akatoa herufi ya kwanza, akaigeuza upande wa rangi. Paka alikuwa akikwea ngazi kuelekea mlangoni badala ya kwenye neno. Akatoa P. Ilitazama nyuma. Akatoa N, akatoa K, jogoo naye akawika kinyume. Alizipanga zote sakafuni, moja baada ya nyingine, zote kinyume.

"Kwa hiyo hii ni ya kusomwa na watu wanaotembea kinyumenyume?" Kaka aliuliza.

Nilianza kulia palepale, mtu mzima, mbele ya watoto wa watu. "Dada, nisamehe. Nisamehe. Nimeilaza chali."

"Nimeona."

"Zigeuze basi," alisema muuguzi mkuu. "Si zina upande mwingine?"

"Upande mwingine ni mweupe, mama. Nyeupe juu ya ukuta mweupe. Hakuna atakayeona kitu."

Kaka aliangalia saa. Hakuwa mtu katili, namshuhudia hivyo, hata sauti aliishusha. "Dada yangu, usijitese. Umejaribu. Panda gari nikurudishe nyumbani."

Dada aliomba maji, akatawadha kwenye sinki la wauguzi, akaingia kachumba ka shuka kuswali adhuhuri aliyokuwa ameichelewesha. Mimi nilibaki nimekaa sakafuni katikati ya herufi nikimwomba Mungu anifanyie muujiza wowote, hata hospitali ipate moto, astaghfirullah.

Alipotoka aliokota ile O. Aliishika upande mweupe ukitutazama, akaisogeza ukutani kama mtu anayejipa pole, isigusane kabisa na ukuta. Dirisha lilikuwa ubavuni, na jua lilikuwa limeanza kuingia kwa mshazari kando ya ukuta. Akasimama hivyo. Akaisogeza kidogo, akairudisha.

"Mdogo wangu," alisema. "Njoo uone huku."

Kuizunguka ile O nyeupe, chokaa ya ukuta ilikuwa imeiva njano. Haikuwa imepakwa. Jua lilipenya nyuma ya karatasi, likagonga rangi, rangi ikaanguka ukutani. Ilikuwa kama herufi imekalia kaa la moto wa njano.

"Inahitaji kusimama kidole kimoja mbali na ukuta," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa. "Nahitaji vijisanduku. Vidogo, vigumu, vya kipimo kimoja. Sitini, sabini."

"Vya nini?" aliuliza muuguzi mkuu.

"Mnatupa wapi maboksi ya dawa?"

Yule mama alipiga ukelele uliofika wodi ya wanaume. Wauguzi wakatawanyika, wakarudi na mifuko ya vijiboksi vya vidonge na vya sindano, vitupu, visafi. Dada alikaa sakafuni akavikata na kuvikunja vikawa vigingi vya karatasi, kila kimoja kidole kimoja, nami nikavibandika nyuma ya herufi, juu ya rangi. Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Gundi ilinishika vidole vitatu pamoja. Dada alikuwa juu ya ngazi, na aliyeishika ngazi, bila kuombwa na mtu, alikuwa Kaka.

"Kushoto kidogo," nilimsikia akisema. "Jogoo amepinda."

"Jogoo anawika, kaka. Ukiwika unapinda."

Saa kumi kasoro dakika tano wakubwa wa hospitali waliingia, mmoja ameshika bango chini ya kwapa. Kutoka pale mlangoni waliona ukuta mweupe wenye vitu vyeupe. Yule wa bango akaanza kulifungua. Muuguzi mkuu akaenda dirishani, akafungua mpaka mwisho mapazia yaliyokuwa wazi nusu tu.

Jua la alasiri liliingia lote kwa pamoja. HAPA ikawaka nyekundu, TUNAPONA ikashuka kutoka njano hadi kijani, NA ikawa buluu, na KUCHEKA ikajaa zambarau mpaka mbwa aliyelala alionekana anapumua. Herufi zenyewe zilikuwa nyeupe tupu, hazina hata tone la rangi, na kila moja ilikuwa imezungukwa na nuru yake. Sijui kusema vizuri zaidi. Nilisema Subhanallah, na nikasikia sikuwa peke yangu niliyesema.

Msichana mmoja mwenye plasta mguuni, wa kitanda cha tatu, alijiinua kwa viwiko. "Taa zimefichwa wapi?"

"Hakuna taa," Dada alimjibu kutoka juu ya ngazi.

"Muongo! Mbona zinawaka?"

"Njoo uchungulie siku ukitembea."

"Kesho natembea!" alisema yule mtoto, na wodi nzima ikaangua kicheko, mpaka yule mtu wa bango, ambaye alilikunja tena taratibu kama aliyekutwa na kitu cha mwenzake.

Kaka alikohoa. Alikuwa bado ameshika ngazi, shati limelowa. "Nilisema mbele ya shahidi," alianza, na muuguzi mkuu akamgeukia kwa furaha ya shahidi anayetaka kusikia vizuri. "Chumba ni chake. Sitii neno tena." Halafu, kwa sauti ya chini: "Lile duka langu halina jina mlangoni."

"Nalijua," alisema Dada.

"Basi?"

"Panga foleni, kaka."

Alipanga, na alingoja miezi miwili kama mteja mwingine yeyote, akilalamika kila Ijumaa. Kwa miaka kumi na tisa baada ya hapo Dada alifanya kazi katika chumba kile. Shule ziliagiza, maktaba iliagiza, maharusi waliagiza, na wote walitaka zilezile, nyeupe mbele, rangi nyuma. Walipomuuliza aliipata wapi akili hiyo, alinionyesha mimi kwa mkasi. "Huyu hapa. Mdogo wangu ndiye aliyeianzisha." Nikikana, aliwaambia mimi ni mnyenyekevu.

Sikuianzisha. Nilikosea, naye akakaa na kosa langu mpaka likawa zuri, na hakumwambia mteja hata mmoja kwamba lilikuwa kosa. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya, jirani yangu. Mwenyezi Mungu ampokee, na amlipe.