Pombe ya Asali Isiyoonjwa na Mpikaji

Jumamosi, katika kilabu kimoja cha Muheza, mama mmoja wa mashamba ya mkonge alileta wanzuki, pombe ya asali, ili mzee mwonjaji aamue kama inafaa kuuzwa. Kila mpikaji hupiga funda la kwanza, kuondoa shaka ya sumu. Mama huyu akamkabidhi mzee kata ya pombe hivi hivi, bila kuionja.

Mzee akaitazama kata, kisha akamtazama mama.

“Mama, mbona hujaonja?”

“Nimeokoka, baba. Siinywi tena.”

“Na kuipika?”

“Watoto watakula nini?”

Mzee akafumba macho, akanywa. Sote tukamkodolea macho kooni.

“Tamu,” akasema kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyesogeza kikombe. Tukatoka mmoja mmoja, mimi wa kwanza. Mhubiri wetu amehangaika miaka mingi kututoa kilabuni. Mama yule katutoa kwa kata moja.